Subira ya Kalamu: Mwandishi na Yule Anayemwandikia

Hakuna wosia unaotolewa kwa wepesi mbele ya kijana anayetaka kuwa mwandishi kuliko ule wa kumwambia avumilie. Mwalimu huuandika pembeni mwa daftari la mwanafunzi, mhariri huutia katika barua ya kuukataa mswada, na wazee hukumbusha kuwa mvumilivu hula mbivu. Wosia huo si wa uongo, lakini umepungukiwa, maana haumwelezi kijana avumilie kwa kutenda nini. Mkulima anayengoja embe liive hakukaa bure chini ya mwembe; alikwisha panda, akapalilia, akafukuza ngedere. Mwandishi naye hutenda nini katika miaka ile ambayo hakuna anayemchapisha, hakuna anayemlipa, na pengine hakuna anayemsoma? Hilo ndilo swali la makala haya.

Swali hili aghalabu hujibiwa kwa sifa. Husemwa kuwa fulani alikuwa na moyo wa chuma, au kuwa alizaliwa na kipaji, na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu la namna hiyo halimsaidii mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa kuwa moyo wa chuma haufundishiki. Afadhali tuzikabili kazi zenyewe, tuziulize zilitungwaje na zilitungiwa nani. Shahidi wetu mkuu atakuwa Shaaban Robert, kwa sababu maisha yake na maandishi yake yanajulikana na wengi, na vitabu vyake vimesomwa sana mashuleni. Kisha tutawaita Mathias Mnyampala wa Dodoma na Abdilatif Abdalla wa Mombasa waongeze ushahidi wao. Ninalokusudia kulionyesha ni hili: mwandishi hudumu katika kazi yake pale anapokuwa na mtu anayemwandikia, hata akiwa mmoja tu, na pale anapokuwa na chombo cha utungaji kinachotoshana na muda alio nao. Hamu huja na kwenda kama upepo wa pwani. Viwili hivyo ndivyo vinavyobaki.

Tuanze na kazi ya mkate. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hata 1926, kisha akaingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, baadaye akahamishiwa idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya, na mwishowe ofisi ya upimaji huko Tanga. Utumishi huo ulichukua zaidi ya miaka 30. Sisi tuliozeekea ofisini twajua maana yake. Karani hana asubuhi yake mwenyewe. Mchana wake ni wa majalada na mihuri, na jioni anarudi nyumbani akiwa na mkono uliochoka kwa kuandika mambo ya watu wengine. Tena karani wa Kiafrika wa wakati ule alikuwa chini ya mabwana waliompangia mahali pa kukaa na siku ya kuhama. Katika hali hiyo mtu huyu alitunga mashairi, tenzi, insha, hadithi na wasifu, kwa wingi ambao wachache wamefika.

Aliwezaje? Sehemu ya kwanza ya jibu imo katika umbo la utenzi. Ubeti wa utenzi ni mdogo: mishororo minne, kila mshororo mizani minane kwa kawaida, vina vya mishororo mitatu ya kwanza vikifanana, na kina cha mwisho kikidumu kutoka ubeti wa kwanza hadi tamati. Ubeti huo waweza kutungwa kichwani mtu akiwa njiani, ukahifadhiwa kwa sababu ya vina vyake, ukaandikwa usiku. Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga juu ya vita ya mwaka 1939 hata 1945, una takriban beti 3,000. Kwa mtu anayeutazama ukiwa umekwisha, ni mlima. Lakini tufanye hesabu ya darasani: anayetunga beti mbili kila siku atakuwa na beti 730 kwa mwaka, na katika miaka minne atazikaribia 3,000. Sidai kwamba ndivyo mtunzi alivyojigawia kazi. Nadai tu kwamba umbo lenyewe linamruhusu mtu mwenye saa moja ya faragha kufanya kazi kubwa. Wazee waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wanaeleza hata ufundi wa utenzi.

Hapa inafaa vijana wetu waone jambo moja. Mara nyingi kanuni za mizani na vina hujadiliwa kana kwamba ni pingu. Ugomvi wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo na wale waliotunga mashairi huru ulifanya wengi waamini hivyo, nami sikusudii kuufufua. Lakini katika suala la kudumu, kanuni ni fimbo ya kutembelea. Mtunzi aliyechoka, ambaye siku hiyo hana wazo kubwa, bado anajua kwamba mshororo wake una mizani minane na kwamba kina chake ni fulani. Anapata pa kuanzia. Anayeandika bila kanuni za mapokeo hana budi ajitungie kanuni nyingine: kurasa mbili kwa siku, sura moja kwa mwezi, au saa maalumu ya alfajiri. Asiye na kanuni yoyote huingoja hamu, na hamu haina saa.

Sehemu ya pili ya jibu, nayo naiona kuwa kubwa zaidi, ni kwamba Shaaban Robert hakuliandikia giza. Tazama kazi zake zinazopendwa zaidi, kisha uulize kila mojawapo inasema na nani. Utenzi wa Hati unasema na binti yake. Utenzi wa Adili unasema na mwanawe wa kiume. Shairi la Amina linamlilia mke wake aliyefariki. Tena ziko barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, ambazo zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barua hizo ni za tangu mwaka 1931 hata 1958. Hebu tuifikiri miaka hiyo 27. Ni miaka ambayo mtu mmoja, popote alipohamishiwa, alikuwa na ndugu wa kumwandikia, naye akijua kwamba maneno yake yatafunguliwa, yatasomwa na yatajibiwa. Kabla ya kuwa na wachapishaji, alikuwa na wasomaji wa nyumbani.

Uwanja mwingine ulikuwa magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na washairi wa kila pembe ya nchi walipelekeana salamu, mafumbo na majibu humo. Mshairi wa Tanga aliuliza, wa Tabora akajibu, na wa Unguja akawasuta wote wawili. Kujibizana huko kulikuwa chuo kisicho na majengo. Kijana aliyetoa shairi bovu hakuambiwa avumilie. Aliambiwa kwa shairi jingine kwamba vina vyake vimeguguna. Naye aliyejibiwa hulazimika kujibu tena. Nathubutu kusema kwamba ukurasa wa mashairi umewafanya watu wengi zaidi waendelee kutunga kuliko medali.

Medali hata hivyo zilikuja. Shaaban Robert alituzwa katika uhai wake, na serikali ya kikoloni ikampa nishani. Lakini heshima na uchapaji havikutembea pamoja. Kusadikika kilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Kufikirika, ambacho mswada wake ulikuwako tangu miaka ya 1940, kilichapishwa mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru nao ulitoka mwaka huo huo wa 1967, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka 1968. Mwenyewe alikwisha fariki mwezi Juni mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Maana yake ni kwamba baadhi ya vitabu ambavyo vizazi vyetu vilimjua kwavyo, mwandishi wake hakuviona hata siku moja vikiwa vitabu. Aliviona vikiwa karatasi ndani ya sanduku.

Jambo hili ndilo linalotulazimu kuwa waangalifu tunapoisifu subira. Tukisema kwa furaha kwamba alivumilia na hatimaye akala mbivu, tunasema uongo. Mbivu tulizila sisi. Lakini pia jambo hilo linatupa kipimo cha kweli cha kudumu: mwandishi aliyekuwa na mswada usiochapishwa hakukaa kuulinda, aliandika mwingine, na mwingine tena. Anayekaa akikililia kitabu kimoja ambacho hakijatoka ameifanya subira yake kuwa kungoja. Anayeandika cha pili amebaki kuwa mwandishi, lolote litakalokipata cha kwanza.

Yamkini ndiyo maana habari ya Kusadikika inagusa kwa namna ya pekee mtu aliyewahi kushika kalamu. Humo Karama anasimama barazani akishitakiwa na waziri Majivuno, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini, ili walete maarifa ya kuifaa nchi yao. Kila mjumbe alirudi na hazina ya mawazo, na kila mmoja akaadhibiwa kwa kuileta. Wahakiki wamekisoma kitabu hicho kuwa ni lawama juu ya utawala wa kikoloni, na usomaji huo ni sahihi. Lakini kinaweza pia kusomwa kama kitabu juu ya taarifa zisizopokelewa. La kustaajabisha ni kwamba baada ya mjumbe wa kwanza kufungwa, alipatikana wa pili aliyekubali kwenda, na wa tatu, hadi wa sita. Karama mwenyewe anasema siku baada ya siku mbele ya baraza ambalo mwanzoni halikumtaka. Anadumu kwa sababu kuna masikio mbele yake, hata kama ni masikio ya maadui. Na mwisho masikio hayo yanafunguka, na waliofungwa wanafunguliwa.

Sasa uhakiki wa haki unatutaka tuitaje na hasara. Mtu anayemwandikia mwanawe huelekea kumwonya, na anayezoea kuonya huweza kuonya hata mahali ambapo msomaji alitaka kuonyeshwa tu. Wahusika wa Shaaban Robert mara nyingi ni sifa zilizovikwa kanzu: Utubora ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, Majivuno hana saa ya unyenyekevu, na msomaji hapati nafasi ya kuwatilia shaka. Hata katika Utenzi wa Vita vya Uhuru kuna beti ambazo zimetimiza mizani bila ya kutimiza jambo. Chombo kilichomwezesha kuendelea kila siku kilimwezesha pia kuendelea siku ambazo hakuwa na la kusema. Kwa hiyo tusiwafundishe wanafunzi kwamba kudumu na ubora ni kitu kimoja. Kudumu huleta wingi, na katika wingi huo mwandishi hupata nafasi ya kuchagua. Asiyeandika hana cha kuchagua. Lakini aliyeandika na akakataa kufuta, ameifanya nusu ya kazi.

Ushahidi wa Mathias Mnyampala unaungana na huu. Alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Ugogo, mbali na pwani, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Alikuwa mtumishi wa serikali, na baadaye hakimu. Mtu wa bara wa wakati huo aliyethubutu kutunga kwa Kiswahili alijua kwamba wako watakaomcheka lafudhi kabla ya kuyapima mashairi yake. Naye hakunyamaza. Aliandika historia na mila za Wagogo, akatoa diwani, akatia Enjili katika utenzi. Mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alipowataka washairi wasaidie kueneza mawazo ya Azimio la Arusha, Mnyampala aliikuza ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayosemwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Yeye pia hakuviona. Lakini shule nyingi zilizisema ngonjera zake, na waliokuwa watoto wakati ule wanazikumbuka hadi leo. Alichagua umbo ambalo haliwezi kukaa sandukuni, kwa kuwa halikamiliki mpaka mtu wa pili ajibu.

Mtu aweza kupinga akisema: hao walikuwa na familia, magazeti na vyama, je, mwandishi aliyenyimwa vyote? Pingamizi hilo lina nguvu, na hatuna budi tulipime kwa mfano mgumu. Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita Kenya: Twendapi? Alifungwa akitengwa na wenzake. Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika katika karatasi za chooni, na baada ya kutoka mwaka 1972 yakakusanywa katika diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Hapa hapana ndugu wa kujibu barua wala mhariri wa gazeti. Lakini tuyatazame mashairi yenyewe. Katika Mnazi: Vuta N'kuvute, ndugu wawili wanagombania mnazi, huyu akisema na yule akijibu. Katika Mamba, mshairi anamkabili mnyama na kumsemesha. Katika Siwati, anawajibu wanaomtaka auache msimamo wake. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye aliwaumba wazungumzaji kwa mizani na vina. Pingamizi letu, badala ya kuivunja hoja, limeithibitisha: mahali ambapo hakuna msikilizaji, mwandishi hulazimika kumtunga, la sivyo kalamu hunyamaza.

Ningependa kuongeza neno juu ya wasioshika kalamu. Mwaka 1958 Shaaban Robert alitoa Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyetoka Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya sauti yake kuvuka bahari kwa njia ya sahani za santuri. Siti hakupata kisomo cha shule. Mwandishi aliyekuwa na vitabu vyake visivyochapwa alitumia muda wake kuandika maisha ya msanii mwingine, tena mwanamke, tena asiye na cheo. Naona katika uchaguzi huo ishara ya mtu aliyeelewa kwamba sanaa hudumishwa na wanaosikilizana. Siti alikuwa na ukumbi wa watu waliomngoja usiku. Mwandishi hana ukumbi huo, na ndiyo maana anahitaji kuujenga.

Tukifika hapa, twaweza kurudi kwa mwalimu na wosia wake. Siku hizi nchi yetu imepata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, nayo ni jambo la kupongezwa, maana inampa mshindi fedha na kumfungulia njia ya kuchapishwa. Lakini tuzo huwafikia wachache, tena hufika mwisho wa kazi. Kijana anayeandika hadithi yake ya kwanza katika daftari la hisabati yuko mwanzo wa kazi, na anachokihitaji ni kidogo kuliko tuzo, tena ni kikubwa zaidi. Anahitaji mtu mmoja atakayelisoma daftari hilo hadi ukurasa wa mwisho na kumwambia mahali alipochoka na mahali alipofurahi.

Kwa hiyo, ndugu walimu, badala ya kumwandikia mwanafunzi neno vumilia, mwandikieni swali juu ya mshororo wake wa pili. Shairi la mwanafunzi mmoja lipeni wenzake walijibu kwa vina vile vile wiki inayofuata, na majibu hayo yabandikwe ukutani mahali ambapo shule nzima itayaona. Kazi hii haihitaji bajeti. Nanyi wanafunzi, msingoje kujisikia kuwa waandishi. Chagueni kipimo kidogo mnachoweza kukitimiza hata siku ya mtihani: ubeti mmoja, au aya moja. Kisha mtafuteni mtu wa kumpelekea, awe dada, rafiki, au babu asiyejua kusoma ambaye mtamsomea kwa sauti. Mkikosa, mtungieni mnayegombana naye, kama alivyofanya mfungwa wa Mombasa. Na mswada mmoja ukikataliwa, uwekeni mahali pakavu, muanze mwingine.

Na taifa nalo lina fungu lake. Miswada iliyokaa sandukuni mpaka mwenyewe akazikwa haikukosa subira ya mwandishi. Ilikosa msomaji mwenye uwezo wa kuipeleka mitamboni. Tunapoliheshimu jina la Shaaban Robert kwa kuliandika katika mitaa na maktaba, tukumbuke kwamba katika nchi hii, wakati huu, wako makarani, wauguzi na walimu wa vijijini wenye masanduku ya namna hiyo. Wao wanatimiza wajibu wao kila usiku. Uliobaki ni wajibu wa kuwasoma wangali hai.